Kimya cha Watu Arobaini na Watatu

Katika miaka kumi na miwili ya uigizaji, Fuatino alikuwa amekufa mara tisa. Alikufa kwa sumu, kwa risasi, kwa kuzama, na mara moja kwa kuangukiwa na kabati la vyombo. Asipokufa alikuwa muuguzi, na asipokuwa muuguzi alikuwa mti. Waongozaji wa michezo pale Auckland walimpenda: alikuwa mwanamke wa umbo kubwa, mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza, na hakuchelewa mazoezini hata siku moja. Ila kila walipomtazama hawakuona pa kumweka isipokuwa kitandani chini ya shuka, au pembeni kashika sinia la dawa.

Hakuwa na kinyongo. Maiti zake alizifanya kwa moyo wote. Alijua kupumua bila kifua kupanda, na alipenda kusema kwamba maiti wako wa aina nyingi, na asiyeona tofauti hana jicho la sanaa.

Kifo cha tisa ndicho kilichomharibia. Ulikuwa mchezo mzito, wa huzuni, na familia yake ilikuja kutoka Mangere kumtazama, wamejaa basi la kanisa. Pazia lilipofunguliwa na Fuatino akaonekana kalala juu ya meza, mkono mmoja unaning'inia, shangazi yake Vaosa alisimama katikati ya ukumbi.

"Chuu-huuu! Huyo ni wetu!"

Kwao Wasamoa, mtu wako akisimama mbele za watu hukai ukamtazama tu. Ukikaa umemwacha peke yake, na kumwacha mtu peke yake pale mbele ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo Vaosa alipanda jukwaani akiserebuka, mikono juu, akamvisha marehemu shada la peremende. Marehemu alijitahidi. Alijitahidi mpaka tumbo likaanza kutikisika, kisha meza, kisha vinara vya mishumaa vilivyokuwa juu ya meza. Mwishowe maiti akaketi, akacheka mpaka machozi yakamtiririka, huku peremende zikidondoka moja moja na kubingirika hadi miguuni pa watazamaji wa mstari wa kwanza.

Tangu siku hiyo, kwa miaka miwili, hakuna mwongozaji aliyempigia simu, hata kwa kazi ya mti.

Basi akaandika mchezo wake mwenyewe.

Aliuita *Mzimu wa Otahuhu*, nao ulimhusu baba yake, marehemu Aperamo. Miaka thelathini Aperamo alikata nyama katika kiwanda kimoja cha Otahuhu. Lakini siku za sherehe, katika ukumbi wa kanisa, alivaa mabuti yake meupe ya kiwandani na gauni la mkewe, akajipaka rangi nyekundu mdomoni, akawa mzimu. Wasamoa wamekuwa na michezo hiyo tangu enzi za mababu. Anayechekesha si mtu tena, ni mzimu unaopita, na mzimu una ruhusa ileile aliyopewa mtani msibani. Unaweza kumwambia mkuu wa ukoo kwamba tumbo lake huingia kanisani kabla yake, na mkuu huyo akacheka na wenzake, kwa kuwa atamshitaki nani? Asubuhi yake Aperamo alirudi kuwa mtu mpole asiyeinua macho mbele ya wakubwa.

Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Katika mchezo huo Fuatino peke yake alikuwa baba, msimamizi wa kiwanda, mchungaji, na mama yake mzazi. Ulikuwa mwendo wa saa nzima ya kuchekesha, na mwishoni ngoma.

Mkuu wa Ukumbi wa Gatini, ulio katikati ya jiji, alikuwa mzungu mrefu mwembamba aitwaye Philippa, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliusoma mchezo, akampa Fuatino nafasi ya alasiri moja tu, Jumamosi saa nane.

"Maneno yamenichekesha," Philippa alimwambia. "Lakini nilicheka peke yangu, kitandani. Nataka kuona ukumbi ukicheka. Ukicheka, nakupa wiki sita, na baada ya hapo ziara ya miji minane."

"Na usipocheka?"

Philippa aliivaa miwani, akaivua. Jibu Fuatino alikuwa nalo nyumbani. Shangazi Vaosa, kwa majuto ya zile peremende, alikuwa amemtafutia kazi uwanja wa ndege, ya kukagua mizigo. Kulikuwa na sare, bima, na likizo. Walitaka jibu Jumatatu, saa mbili asubuhi.

"Sanduku halihitaji kuchekeshwa, mwanangu," Vaosa alisema. "Unalipima, unalipitisha, kwaheri."

Fuatino alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na alilala chumba kimoja na watoto wawili wa binamu yake. Alimwahidi mama yake: Philippa akikataa, Jumatatu anavaa sare na hataigiza tena, hata mti.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alimkuta mama yake, Lagimaua, jikoni anamenya magimbi. Lagimaua alikuwa mfupi na mpana, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameongoza kina mama wa kanisa. Watoto wa mtaa walipokiona kivuli cha kofia yake, walianza kutembea badala ya kukimbia.

"Mama, Jumamosi ile mtakuja?"

"Swali gani hilo? Basi limeshajaa. La pili linatafutwa."

"Naomba kitu kimoja." Fuatino alikuwa kashika mfuko wake tayari, anachelewa mazoezi. "Kule mjini watu hukaa kwa utulivu. Safari hii msipige vigelegele. Msipande jukwaani. Na peremende hapana."

Kisu kilisimama juu ya gimbi.

"Kimya," Lagimaua alisema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Ndiyo, Mama."

"Kimya cha namna gani?"

"Kama kanisani tu," Fuatino alisema, akambusu paji la uso, akatoka mbio.

"Kumbe kama kanisani," Lagimaua aliyaambia magimbi. "Hilo niachie mimi."

Wiki mbili zilizofuata Fuatino aliona mambo, ila hakuyaunganisha. Jumanne na Alhamisi magari yalijaa nje ya ukumbi wa kanisa. Taa zilikuwa zinawaka na vivuli vilionekana madirishani, lakini hapakusikika wimbo wala sala. Mara moja alimkuta mjomba wake Pauli, kaka mdogo wa mama yake, akitoka pale huku akijisugua shingo yenye alama nyekundu. Pauli alikuwa dereva wa lori na mtu wa mizaha, ambaye hata salamu zake zilikuwa na kituko ndani.

"Mjomba, kuna nini humo?"

"Mazoezi."

"Ya nini? Mbona sijasikia kitu?"

"Ee," Pauli alisema kwa fahari, akitazama huku na huku. "Yanaendelea vizuri."

Jumamosi ilifika na jua la majira ya kuchipua. Saa nane kasoro dakika tano Fuatino alisimama nyuma ya pazia, amevaa mabuti ya baba yake na gauni la bluu lenye maua makubwa mekundu. Gauni hilo alilitoa kwenye sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha mama yake, bila kuomba. Alikuwa amekusudia kuomba. Kila siku alikusudia, na kila siku magimbi yalikuwa yanamenywa. Alichungulia.

Ukumbi ulijaa. Pembeni na nyuma walikaa watu wa mjini. Katikati, mistari mitatu mizima, walikaa watu wake, arobaini na watatu, wote wamevaa nguo nyeupe za kanisani, kina mama na kofia zao nyeupe, kina baba na tai. Mchungaji alikuwapo. Vaosa alikuwapo, na pochi yake haikuwa imevimba kwa peremende. Mwisho wa mstari wa pili, kando ya njia, alikaa mama yake wima kama nguzo. Na katikati ya magoti yake, amesimamisha kama fimbo ya enzi, alikuwa na ufagio wa njiti za mnazi wa kanisani kwao, uliofungwa kwenye mpini mrefu.

"Wamependezaje!" Fuatino aliwaza. Kisha akawaza, "Ule ufagio ni wa nini?" Kisha taa zikazimwa.

Mchezo ulianza na buti. Buti moja lilitokeza kwenye pazia, likanusa huku na huku, likarudi ndani. Likatokea tena, limegeuzwa kisogo. Kwa kichekesho hicho cha buti Aperamo aliwahi kumvunja mbavu shemasi mmoja hadi akapelekwa nje kupepewa.

Hapakusikika kitu.

Fuatino alitoka mzimamzima. Alitembea mwendo wa baba yake, ule wa bata aliyepandishwa cheo. Hapakusikika kitu. Alikuwa msimamizi wa kiwanda anayetamka majina ya Kisamoa kana kwamba anatema mbegu za tikiti. Kijana mmoja mwenye ndevu, kule pembeni, alicheka. Mara kofia kumi na nne nyeupe ziligeuka kwa pamoja zikamtazama. Kijana akashika kifua, akanong'ona, "Samahani sana," na tangu hapo yeye na watu wote wa mjini wakakaa wamefumbata mikono, wakiamini wamealikwa kwenye ibada, na kwamba yule mwanamke mwenye mabuti anafanya jambo takatifu wasilolijua.

Kimya kingi kina mshindo, husema watu wa Pwani, na Fuatino aliusikia mshindo wenyewe masikioni mwake. Dakika ya kumi. Dakika ya kumi na tano. Jasho lilimshuka mgongoni likaingia kwenye mabuti. Kila kichekesho alichokitupa kilikwenda na kutua mahali laini, kisirudi. Katika mstari wa tano Philippa, aliyekuwa akiandika, aliifunika kalamu kwa kifuniko chake. Sauti ndogo: *tik.* Fuatino aliona mbele yake masanduku yakipita kwenye mkanda, moja baada ya jingine, mpaka uzeeni.

Akafika kwenye kile kisa cha mchungaji na mbwa aliyependa nyimbo za sauti ya tatu. Ndipo aliposikia kitu. Kilikuwa chembamba, kama paka aliyefungiwa kabatini. Akatafuta kwa jicho bila kusimamisha mchezo. Alikuwa Shangazi Vaosa. Nusu ya kofia yake ilikuwa mdomoni. Machozi yalimtiririka. Karibu naye Mjomba Pauli alikuwa anatetemeka mabega yote mawili, uso mwekundu kama pilipili, na Fuatino aliona kwa macho yake ule ufagio ukinyanyuka taratibu, ukapita juu ya mapaja ya watu wanne, ukamchoma Pauli shingoni. Pauli akatulia. Ufagio ukarudi.

Jumanne na Alhamisi. Alama nyekundu. *Kama kanisani.*

"Mungu wangu," Fuatino aliwaza. "Wamefanya mazoezi."

Alitaka kulia na alitaka kucheka, na kwa bahati mbaya alikuwa katikati ya kubweka. Watu hawa walikuwa wanampenda kiasi hicho. Wachekaji wakubwa kuliko wote wa Mangere walikuwa wamekusanyika mara mbili kwa wiki wakajifunza kutocheka, kwa ajili yake, na sasa walikuwa wanaungua ndani kwa ndani ili asiaibike. Sekunde moja tu ya kuambiwa "chekeni" ingetosha. Lakini nani wa kusema? Mama yake alikuwa ametoa neno mbele ya kanisa zima. Mtoto hasimami mbele za watu akamwambia mama yake kuwa amekosea. Hilo halifanyiki, hata kama ni kweli, hata kama wiki sita na miji minane vinazama. Mtoto hawezi.

Akainama, akayatazama mabuti.

Mtoto hawezi, lakini mzimu unaweza.

Aliacha kubweka. Alijinyoosha, akavuta gauni, akashuka ngazi za jukwaa, buti moja baada ya jingine, *pwata, pwata,* mpaka chini kwenye njia. Fundi wa taa alibabaika, kisha akamfuata na mwanga. Fuatino aliweka mikono kiunoni, na alipofungua kinywa ilitoka sauti ya Aperamo, nzito, ya puani kidogo.

"Nani amekufa?"

Kofia moja ilitikisika.

"Nauliza kwa sababu nimetoka huko kwa wafu sasa hivi, na huko tuna kelele kuliko hapa. Pauli!"

Mjomba Pauli aliruka kitini.

"Shemeji yangu Pauli. Ulinizika umevaa suti yangu. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimekufa. Ila leo nakuuliza, tena useme kweli, mzimu haudanganywi: mbona mmekaa kama kuku waliogandishwa?"

Pauli alimtazama dada yake. Alitazama ufagio. Akautazama mzimu. Katika uso wake kulikuwa na vita.

"Tu… tumefanya mazoezi," alisema kwa sauti ya kupasuka. "Wiki mbili! Mimi nilisimuliwa visa vyangu mwenyewe nikakatazwa kucheka! Wifi yako Vaosa—"

"Wifi gani, mimi ni dada yake, mjinga wewe!" Vaosa alisema kwenye kofia.

"—amekula kofia mbili!"

Hapo mwanya ukapatikana. Mtu mmoja alicheka puani kule nyuma, na ufagio ukageuka, lakini alikuwa mbali mno. Mzimu ulishamfikia mchungaji.

"Baba Mchungaji! Umeona maajabu? Miaka yote unahubiri saa mbili ukiomba watu hawa wakae kimya, wamekataa. Binti yangu amesema neno moja tu, wamekaa. Mpe mimbari."

Mchungaji alikuwa mzee mnene mwenye heshima zake. Alijaribu kukohoa. Kikohozi kikageuka njiani, kikawa kitu kingine, na alipofuta miwani mabega yake yalikuwa yanaruka. Mstari wa tatu ukaanguka wote. Kijana mwenye ndevu aliwatazama kina mama waliomkaripia, akaona wanafuta macho, akasema kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa minyororo, "Kwa hiyo inaruhusiwa?" na ukumbi mzima ukapasuka.

Ukumbi wote, isipokuwa kiti kimoja.

Lagimaua hakucheka. Alikaa vilevile, kidevu juu, ufagio wima, amelitunza neno lake peke yake. Watu walipomwona walianza kunyamaza tena, mmoja mmoja, safari hii kwa hamu. Mzimu ulimwendea. Ndani ya gauni alikuwa Fuatino, ambaye hakuwahi kumwita mama yake kwa jina maishani mwake.

"Lagimaua," mzimu ulisema, chini kidogo. "Mke wangu. Miaka sita. Hata salamu?"

Kimya. Kimya kile cha Jumanne na Alhamisi. Lagimaua alimkagua kuanzia mabuti kwenda juu, polepole, kama anayekagua meza ya sherehe. Alipofika kiunoni akasimama hapo.

"Nitakusalimu vipi," alisema, kwa sauti ya kufika kiti cha mwisho, "na umevaa gauni langu?"

Baadaye watu walibishana kama ule ulikuwa mlio wa kicheko au paa lilikuwa limepata hitilafu. Vaosa aliteleza kwenye kiti hadi sakafuni akakaa hukohuko. Mzimu wenyewe ulirudi hatua moja nyuma.

"Nilidhani hulivai tena."

"Silivai kwa sababu ulilipanua." Lagimaua alisimama. Ufagio ulisimama pamoja naye. "Na wewe kwenu huko hakuna saa? Nilikuambia usife kabla hujatengeneza mfereji wa paa. Nilikuambia, sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Ukasema Jumamosi. Jumamosi ipi, Aperamo? Nimehesabu Jumamosi mia tatu!"

"Bado unavuja?"

"Unavuja kitandani. Upande wako."

"Basi unaona nilivyofanya busara kuhama!"

Ufagio uliinuka. Mzimu ukakimbia. Lagimaua, mwenyekiti wa kina mama, miaka sitini na tatu, na goti la kushoto bovu, alimkimbiza kwenye njia, akampita Philippa, akapita mbele ya mstari wa kwanza, akapanda ngazi za jukwaa. Pale juu, chini ya taa, akamchapa matakoni kwa ufagio kwa namna ambayo kila mtu kule Mangere aliikumbuka, kwa sababu ndivyo alivyomchapa Aperamo kila sherehe ya kanisa, naye Aperamo akilia kama mtoto. Fuatino alilia vilevile. Kisha Lagimaua aliushusha ufagio, akashika kiuno, akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kisicho na adabu hata kidogo, na Fuatino hakuwa amekisikia kwa miaka sita.

"Sasa cheza," Lagimaua alisema akihema. "Usisimame tu hapo. Kuna ngoma mwishoni, si ndiyo? Na mimi nimesoma karatasi zako. Unachukua gauni langu sandukuni na kuacha karatasi zako mezani, unadhani nani ana siri?"

Muziki ukawekwa. Katika maandishi Fuatino alikuwa acheze ngoma ya mwisho peke yake, chini ya mwanga mmoja mdogo, kwa unyenyekevu, na aliwahi kuona ni wazo zuri. Aliinua mikono, akaigeuza viganja taratibu, na kabla hajageuza mara ya pili jukwaa lilikuwa limejaa. Hakuna mtu anayeachwa acheze peke yake. Pauli alikuwa anajibwaga sakafuni miguuni pake kama gogo. Mchungaji alikuwa anapiga makofi mapajani. Kijana mwenye ndevu alikuwa amebebwa juu na watu asiowajua, wote wakipiga kelele "Chuu-huuu!" Vaosa alifungua zipu ya mfuko wa siri ndani ya gauni lake la kanisani, akatoa shada la peremende.

"Nilikuwa nalo tu," alimwambia Lagimaua. "Sikusema nitalitumia, wifi."

"Mpe," Lagimaua alisema.

Philippa alipanda jukwaani mwisho wa wote, nywele zimevurugika, amevishwa kofia nyeupe isiyo yake. Alimpita Fuatino moja kwa moja.

"Wewe mama wa ufagio," alisema. "Umesomea wapi uigizaji?"

"Ni mama yangu," Fuatino alisema haraka. "Hakuwamo kwenye maandishi. Na kile kimya pia, naomba nieleze, hakikuwa—"

"Kile kimya!" Philippa alishika kichwa. "Dakika ishirini na tano! Niliogopa hata kuandika. Nilidhani nitakufa, na kilipovunjika nililia. Hakuna mwongozaji jijini anayeweza kupata watu arobaini wakae hivyo. Mmekipataje?"

Fuatino alifungua kinywa aseme ukweli, kwamba lilikuwa kosa, na kosa lenyewe ni lake. Mama yake alimtangulia na ukweli mwingine.

"Mazoezi," Lagimaua alisema. "Jumanne na Alhamisi."

"Nataka hivi hivi. Wiki sita. Na ninyi nyote."

Fuatino hakusikia vizuri maneno yaliyofuata, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanaimba. Alichokumbuka ni mama yake kukunja mikono juu ya ufagio, kama mtu aliyefika sokoni.

"Jumatano hatuwezi. Kwaya."

"Jumatano tutafunga," Philippa alisema.

"Na Jumapili."

"Na Jumapili."

"Na hapa kuna mtu anayejua kutengeneza mfereji wa paa?"

Seremala wa ukumbi, aliyekuwa pembeni anatafuna peremende, aliinua mkono.

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, simu ililia Mangere. Lagimaua aliipokea jikoni, mkono mmoja ukikoroga kakao kwenye sufuria. Mezani nyuma yake Fuatino alikuwa na kalamu na karatasi, anamwandikia Pauli nafasi ya kusema maneno mawili tu, na Pauli, aliyekuja kudai matatu, alikuwa anamwonyesha jinsi angeyasema. Juu ya paa nyundo iligonga.

"Vaosa," Lagimaua alisema kwenye simu. "Ndiyo, najua ni saa mbili. Hapana, hawezi kuja uwanja wa ndege. Yuko kazini."

"Kazini wapi, saa hizi?" sauti ya Vaosa ilisikika mpaka mezani. "Wifi, usinifanye mtoto. Namsikia hapo nyuma, anacheka!"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo," Lagimaua alisema, akapunguza moto.